Vichwa vya Mchele

Ishmael, msimamizi wa karakana, alipindua mfuko juu ya meza ya ukaguzi, na ndoano za manyoya ziitwazo Bibi Arusi, mia moja arobaini na nne, zikamwagika chini ya taa. Wanawake thelathini wakaacha kufunga. Ilikuwa Machi ya 1998, mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha, na ukuta wa karakana ile ya Kitengela ulikuwa bado na mstari wa matope pale maji yalipofika.

"Zimerudishwa," Ishmael alisema. "Samaki wa kwanza akiuma, zinafunguka kichwani. Manyoya yanabaki mdomoni mwa samaki, ndoano inabaki uchi. Mnunuzi wetu wa ng'ambo anataka jina la aliyefunga hizi, na anataka nimwambie hayuko tena hapa. Nisipomjibu kabla ya saa tisa leo, oda ya mwaka mzima inaenda kwingine. Sisi wote tunamwaga unga."

Hii ndiyo kazi iliyokuwa ikiwalisha: kuvika ndoano ndogo manyoya, uzi na nywele za mnyama mpaka ifanane na mdudu, kisha kuipeleka ng'ambo ili mtu tajiri asimame mtoni na buti za mpira, amdanganye samaki, amvue, halafu amrudishe majini. Hapo mwisho ndipo walipokuwa wakicheka kila mara. Samaki anavuliwa kisha anaachiliwa! Lakini mshahara ulikuja kila mwisho wa mwezi, na kicheko hakikuzidi hapo.

Kila nzi, ndivyo walivyoziita ndoano hizo, alikuja kutoka ng'ambo na kadi yenye jina la Kizungu la kuvunja ulimi. Jina hilo halikumaliza siku mbili. Desturi ya karakana ilikuwa kwamba mfungaji ambaye sampuli yake inakubaliwa kwanza ndiye anayempa nzi jina, na jina likishatoka halirudi. Ndipo kukawa na Mchungaji, mweusi mwenye ukosi mweupe. Kukawa na Kiwavi wa Sukuma, na Mama Mboga, aliyebeba kifurushi mgongoni. Bibi Arusi alikuwa na mabawa meupe ya mkia wa ndama na hariri nyekundu kiunoni, na jina lake lilitolewa na Kalunde mwaka wa tisini na tatu, siku sampuli yake ilipozishinda nyingine zote.

Kalunde huyo, ambaye pale ndani wote walimwita Mama Musila, sasa ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mgongo umenyooka, na sifa moja iliyomfanya aogopwe: alimjua mtu kwa mkono wake. Ukimpa nzi ambaye hakumwona akifungwa, aliangalia kichwa, pale uzi unapomalizikia kwenye tundu la ndoano, akakwambia huyu ni wa Kathini, huyu ni wa Jane. Hakuwahi kukosea, au tuseme hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia amekosea.

"Mama Musila," Ishmael alisema. "Ni mkono wa nani?"

Kalunde alimshika mmoja, akamsogeza mbali na uso, akamrudisha karibu, akamsogeza tena mbali. Wengine walidhani anapima. Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kumwona. Macho yalikuwa yakimtoroka kidogo kidogo tangu mwaka uliopita na hakumwambia mtu, kwa sababu mkaguzi mwenye miwani, kwa maoni yake, alikuwa sawa na dereva anayeuliza njia.

Lakini kichwa alikiona. Kilikuwa kirefu, kimechongoka, kama punje ya mchele. Vichwa vya wengine wote mle ndani vilikuwa mviringo kama mbegu ya haradali. Watu wawili tu ndio waliofunga vichwa vya mchele: yeye mwenyewe, na Muno, msichana wa Kisomali ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi, naye akaichukua staili yake nzima, pamoja na namna ya kukaza midomo. Na Kalunde alikuwa mkaguzi. Mkaguzi hafungi.

"Ni mkono wa Muno," alisema.

Muno alikuwa meza ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mpole wa maneno, mwepesi wa vidole. Aliinua uso, akamtazama Kalunde moja kwa moja, muda mrefu kupita adabu ya kawaida. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Si mkono wangu, mama."

"Nimefunza huo mkono," Kalunde akajibu. "Nitakosaje kuujua?"

Muno alifungua kibano chake, akatoa ndoano iliyokuwa imefungwa nusu, akaanza kukusanya vitu vyake. Yule aliyekuwa akilia alikuwa Jane, na hata haikumhusu.

Ishmael hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa haraka. Aliandika barua palepale kwa mkono, kwamba mfungaji aitwaye Muno Burhan ndiye aliyefunga mzigo mbovu na ameachishwa kazi leo hii. Simu ya karakana ilikuwa imekufa tangu mvua, kwa hiyo faksi ingetumwa kutoka Kajiado, kwenye duka moja karibu na ofisi za wilaya. Halafu kulikuwa na jambo la Burhan. Baba yake Muno aliuza mifugo kwenye soko la Kajiado, na ndiye aliyewaletea mikia myeupe ya ndama. Alimruhusu bintiye kufanya kazi Kitengela shingo upande, kwa sharti moja tu: siku atakaposikia amechafua jina, anarudi nyumbani, na neno kazi lisitajwe tena.

"Siwezi kumtuma kwa gari peke yake kama mwizi," Ishmael alisema. "Nilimchukua kwa mzee, nitamrudisha kwa mzee." Saa tano na nusu pikapu ilitoka getini, Muno mbele na mkoba wake mapajani, na barua juu ya dashibodi.

Kalunde alirudi mezani kwake, akajiambia kwamba amefanya kazi yake. Ila ule mtazamo wa Muno ulikuwa umemganda. Haukuwa mtazamo wa mtu aliyeshikwa. Ulifanana zaidi na mtazamo wa mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

Saa sita wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Alichukua Bibi Arusi mmoja wa zile zilizorudishwa, akakwangua vanishi ya kichwani kwa ukucha, akautafuta mwisho wa uzi. Alitaka tu kujua kosa lilikuwa wapi, ili awafundishe wengine. Mwisho wa uzi ulipatikana upesi mno. Haukuwa umepitishwa ndani ya fundo. Ulikuwa umelazwa juu tu na kufunikwa vanishi, jinsi anavyofanya mtu asiyeuona.

Alianza kuuzungusha uzi kuufungua, na mkono wake ukasimama hewani.

Muno alikuwa shoto. Siku ya kwanza walilazimika kumgeuzia kibano kiangalie upande wa pili. Mfungaji wa mkono wa kulia huzungusha uzi upande mmoja, wa shoto huuzungusha kinyume, na vanishi ikishakauka hakuna jicho linaloweza kuona tofauti. Ukiufungua tu ndipo unaiona. Na uzi huu uliokuwa ukifunguka mbele ya Kalunde ulikuwa umezungushwa na mkono wa kulia.

Alifungua wa pili. Mkono wa kulia. Alifungua wa tatu, nao ulikuwa vilevile.

Kichwa cha mchele, mkono wa kulia. Karakana nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, na mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkaguzi. Ndipo akakumbuka. Novemba, ile wiki ambayo stima ilipotea siku sita na mawingu yakafanya mchana uwe kama jioni. Nusu ya wanawake walishindwa kuvuka mto. Oda ilikuwa ikikimbizana na tarehe, na yeye, kwa kujitolea, akaketi dirishani akafunga pakiti moja nzima ya Bibi Arusi. Hakuzikagua. Nani angemkagua Kalunde? Alizitia kwenye kasha moja kwa moja na kuzisahau.

Aibu ilimpanda mwilini kama homa. Hebu tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao: jambo la kwanza alilowaza ni kwamba hakuna aliyejua. Zile tatu alizofungua angeweza kuzitupa chooni. Msichana alikuwa na baba mwenye mbuzi na mama mwenye duka, hangelala njaa. Yeye, Kalunde, mjane wa miaka arobaini na saba mwenye macho mabovu, angeenda wapi?

Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika ishirini. Akasimama, akaenda kwenye trei ya Muno, akachukua Bibi Arusi tatu alizofunga asubuhi ileile. Akazitia kwenye kiberiti kitupu pamoja na tatu nyingine zilizorudishwa, zisizofunguliwa, hizo akizifungia kwa karatasi, akavuka barabara ya Namanga bila kumuaga mtu.

Basi lilichelewa. Lilipokuja, lilitambaa. Baada ya Isinya mvua ilikuwa imekula lami upande mmoja, na magari yakawa yanapishana moja moja, malori ya ng'ombe yakitangulia. Kalunde alikishika kile kiberiti kwa mikono miwili. Alihesabu nguzo za simu. Kila aliposikia honi alidhani ni pikapu ya Ishmael ikirudi, kazi imekwisha, jina limeshakwenda ng'ambo. Alishuka Kajiado saa nane na nusu, na akakimbia. Wanawake wa umri wake hawakimbii mjini, na watu walimtazama, na yeye akawaacha watazame.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya soko la mifugo. Mbuzi walikuwa wamejaa, vumbi limesimama, Wamaasai na Wasomali wakibishana bei kwa fimbo zaidi ya maneno. Muno alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari na mkoba wake, akitazama chini. Burhan, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka mnadani, alikuwa akimsikiliza Ishmael bila kupepesa. Barua ilikuwa mkononi mwa Ishmael, imekunjwa.

"Sopa, mama," Mmaasai mmoja alimsalimu akipita. Kalunde alimpita mbio.

"Umetuma?" alimuuliza Ishmael akihema.

"Naenda sasa hivi. Mama Musila, unafanya nini huku?"

"Usitume. Si Muno. Ni mimi."

Ishmael alimshika kiwiko, akamvuta hatua kumi nyuma ya lori. Uso wake ulikuwa umebadilika, na si kwa hasira. Alikuwa ameogopa.

"Sikiza," alisema kwa kunong'ona. "Mimi niko na mkaguzi mmoja tu. Nikiandika ni mkaguzi mwenyewe ndiye ameharibu, huyo mtu ataamini mzigo gani tena? Mfungaji naweza kupata mwingine. Barua nishaandika. Msichana ako na kwao. Wewe nyamaza, tutamsaidia baadaye pole pole."

Hayo yote Kalunde alikuwa amejiambia mwenyewe saa mbili zilizopita, karibu kwa maneno yaleyale. Kinywani mwa mtu mwingine aliyasikia yalivyo. Aliutoa mkono wake, akarudi kwa Burhan, na kila hatua aliiona ndefu.

"Mzee Burhan, shikamoo. Mimi ndiye nilisema ni msichana wako aliharibu. Nilisema mbele ya watu wote."

"Nimesikia hivyo," Burhan alisema. "Sasa umekuja kusema tena?"

"Nimekuja kukuonyesha. Muno anafanya kazi na mkono gani?"

Burhan alimtupia bintiye jicho. "Shoto. Nimegombana na huo mkono miaka kumi. Kula alikubali kula na wa kulia. Mengine yote alinishinda."

Kalunde alifungua kiberiti. Alikwangua vanishi ya Bibi Arusi aliyerudishwa, akampa na kumwonyesha mwisho wa uzi. "Vuta, mzee. Angalia unafunguka upande gani." Burhan alivuta kwa vidole vyake vikubwa vilivyozoea kamba, na uzi ukafunguka wote kwa mara moja, mabawa meupe yakaanguka kwenye vumbi. Alimpa wa pili, naye akafunguka upande uleule. Wanaume wawili waliokuwa wakiuziana beberu walikuwa wameacha bei yao, wamesogea.

"Sasa huyu Muno amemfunga leo asubuhi."

Burhan alikwangua, akavuta. Uzi haukutoka. Alivuta tena, akakunja uso, akatoa kisu kidogo mfukoni na kulegeza fundo kwa ncha yake. Ulipokubali mwishowe, ulizunguka kinyume kabisa na ule mwingine. Mzee aliurudia uzi kwa nyuma, akaufungua tena, kuhakikisha. Kisha akainua macho, akamtazama Ishmael.

"Mbuzi wangu hukatwa sikio," alisema. "Kila mwenye mbuzi hapa ana kato lake. Mtu akimpa mbuzi wangu kato la mwingine, sisi hatuiti hiyo makosa. Wewe ungeita nini?"

Ishmael aliikunjua barua, akaikunja tena, akaipasua vipande vinne. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa tisa.

"Muno," Kalunde alisema. Alikuwa amepanga maneno kwenye basi, na yote yakamtoroka. "Nisamehe. Sikujua."

"Mimi nilijua," Muno alisema.

"Ulijua lini?"

"Hapo asubuhi ukizishika tu. Ile wiki ya giza nilikuona ukifunga hapo dirishani. Uzi ulikuwa unakupita na ulikuwa unakataa kuwasha mshumaa." Aliukumbatia mkoba wake. "Nilikuangalia ndio useme. Nilingoja mpaka gari ikatoka."

"Si ungesema wewe?"

"Mimi? Nimwambie nani kwamba Mama Musila haoni?"

Hapo Kalunde alilia, katikati ya mbuzi, bila kujifunika uso. Ishmael alimwambia hakuna muda wa kulia. Walikwenda mbio mpaka kwenye lile duka, na barua mpya ikaandikwa juu ya kaunta, Kalunde akiitamka na Ishmael akiandika: kwamba mzigo ulifungwa na mkaguzi Kalunde Mwololo, kwamba haukukaguliwa na mtu mwingine, kwamba ameondolewa kwenye ukaguzi tangu leo, na kwamba kuanzia sasa hakuna mkono utakaopita bila kutazamwa na mkono mwingine. Alitia sahihi. Mashine ilivuta karatasi ikilalamika, ikakwama, ikarudishwa, ikavuta tena. Saa ya dukani ilisema saa tisa kasoro dakika mbili.

Burhan alikuwa amewafuata mpaka mlangoni. "Utarudi nao?" alimuuliza bintiye.

"Nitarudi," Muno alisema. "Lakini sitaketi meza moja na yeye."

Na hakuketi. Kathini akapewa kiti cha ukaguzi. Kalunde akanunua miwani Machakos, mizito kama kitako cha chupa, akapelekwa meza ya mwisho kuchagua manyoya na kufunga kidogo pale kazi inapozidi. Mnunuzi alijibu baada ya siku tisa ambazo Ishmael hakula vizuri. Oda ilibaki, nusu yake. Wanawake walimsalimu Kalunde kwa heshima ileile na kumuuliza mambo kidogo kuliko zamani, na hilo lilimuuma kuliko kiti.

Mwezi wa tano likaja kasha lenye nzi mpya, wa kijivu, mwenye mkia mrefu na mistari ya fedha, mgumu kuliko wote waliowahi kuwaona. Wiki nzima sampuli zilikataliwa. Iliyokubaliwa kwanza ilikuwa ya Muno. Ishmael alishika kalamu juu ya lebo. "Haya. Anaitwa nani huyu?"

Muno alifikiri kidogo, au alijifanya kufikiri. "Kalunde," alisema.

Wengine walicheka, wengine wakageuka kutazama meza ya mwisho. Kalunde hakujua kama amepewa zawadi au amechapwa, na Muno alikuwa amesharudi kwenye kibano chake. Jina likishatoka halirudi. Tangu siku hiyo alilisikia mchana kutwa, likipita juu ya vichwa vya watu: Kalunde kumi na mbili hizi hapa, Kalunde mabawa yamepinda, Kalunde rangi si hiyo, fungua.

Ijumaa moja kazi ilizidi, naye akafunga dazeni moja kwa miwani yake. Jioni ikikaribia, Kathini aliinua nzi mmoja kwenye mwanga, akavuta uzi wake, ukalegea. Alikuwa bado hajajifunza mikono ya watu.

"Nani amefunga hii Kalunde?" akauliza kwa sauti.

"Mimi," Kalunde alisema, akiwa tayari amesimama. Alikwenda kuichukua, akipita mbele ya meza ya tatu, na Muno akavuta kiti chake kidogo ili apate nafasi ya kupita.